Gauni Lililopimwa Dirishani

Walimwita Fundi Jicho, na jina hilo alilipata kwa haki. Mafundi wenzake walizungusha tepu kiunoni mwa mteja, wakaandika, wakasahau, wakazungusha tena. Yeye alimtazama mtu akivuka barabara, akashika mkasi, na nguo ikamkaa mwenyewe kama aliyezaliwa nayo.

Kisha ikaja mimba, na mimba ikaja na masharti yake. Daktari alimwambia alale, ngazi asizione hata kwa ndoto. Cherehani ikahamishwa kutoka dukani, ikapandishwa ghorofa ya tatu, ikawekwa karibu na dirisha ili naye asikae bure. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake. Baba yake, dereva wa gari la mikate, alisema amewahi kubeba mikate mizito kuliko huyo. Wakaambiwa wamkinge na baridi na msongamano wa watu, wakamkinga. Mtoto akanona, akaota meno mawili, daktari akasema sasa hana neno. Sababu zikaisha, mama mtu akabaki ndani.

Mwanzoni hakuona ubaya. Mumewe alileta chakula. Wifi yake, mdogo wa mume, alipeleka nguo kwa wateja wa zamani, ambao vipimo vyao fundi alivijua tangu dukani, na kurudi na vitambaa.

"Mimi ndiye punda wa nyumba hii," wifi alisema kila akimaliza ngazi. "Ila punda wa watu wengine hupewa maji."

Lakini kidogo kidogo nyumba ikamwingia kichwani. Alijua jirani wa juu ameburuta kiti kipi. Kijiko kikilazwa pasipo pake aligomba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, halafu akalia, halafu akaomba radhi. Usingizi ulimkimbia usiku, ukamfuata mchana. Alipoambiwa leo ni Jumatano hakujua aifanyie nini. Mlango ukigongwa, moyo uliruka kama umekanyagiwa mkia. Mumewe aliposema, "Mama, Jumapili tutembee kidogo," kichwa kilianza kumuuma, na kiliuma kweli, hakuwa anajisingizia. Dirishani aliwatazama wapita njia, akaona hakuna hata mmoja anayeinua uso. Akajiambia wamekwisha kumsahau.

Ndipo ikaja kazi ya mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, mama wa makamo aliyeitwa na mtaa mzima Mama Dawa. Binti yake alikuwa anahitimu Jumamosi, na mama huyo alitaka gauni la kijani la kukaa nalo viti vya mbele.

"Anasema angepanda umpime," wifi alieleza, akilaza kitambaa kitandani, "ila magoti yake na ngazi hawasalimiani."

"Apande wa nini? Namwona kila siku akifungua duka na akifunga. Mwili wake naujua kuliko yeye mwenyewe."

Akakata, akashona, akapiga pasi. Wifi akalipeleka. Aliporudi aliketi bila kudai maji, na hapo fundi akajua kuna jambo.

"Sema."

"Gauni limegoma, wifi." Akajipiga juu kidogo ya goti. "Linaishia hapa. Upana nao, anaenea yeye na friji lake la dawa."

"Haiwezekani. Basi amerefuka."

"Mtu wa umri ule? Wale huenda chini tu, wifi, juu hawaendi."

Fundi alichukua gauni akaenda nalo dirishani. Chini, Mama Dawa alikuwa akifagia mbele ya duka. Kutoka pale juu alikuwa kitambaa cha kichwa, mabega mapana, na ncha za viatu zikichungulia. Miguu haikuwepo. Akapita mwanafunzi, naye akawa hivyohivyo, begi lenye utosi. Wote walikuwa wafupi, wote wanene. Alikuwa amewapima watu kutoka utosini.

Haikuwa aibu iliyomshika, ilikuwa hofu. Jicho ndilo lililomlisha, na jicho lilikuwa limebadilika bila kumwambia. Basi ni nini kingine alichokiona kombo? Hao wasioinua nyuso je? Mtu akitembea si hutazama anapokanyaga? Nani alisema wamemsahau, kama si kuta hizi?

"Nipe tepu nikampime mimi," wifi akasema. "Upana umezidi, si utakata mbavuni uunge chini?"

Ndivyo fundi naye alivyokuwa amepanga. Tepu ilikuwa mkononi mwake tayari, mkono umeshanyooka. Akaurudisha. Aliona wazi kwamba akiitoa tepu leo, hatashuka tena, na fundi asiyeweza kumfuata mteja wake atabaki kushona mapazia.

"Nakwenda mwenyewe."

Wifi akamfungulia mlango bila mzaha. Si kawaida yake.

Ngazi za kwanza zilikwenda. Kisha akasikia mtu akipanda kutoka chini, akipiga mluzi, na miguu ikamgeuza yenyewe. Alirudi mbio, akafunga mlango, akaegemea huku akihema.

"Umesahau kitu?" wifi akauliza kwa upole.

Alitazama chini. "Viatu."

Ilikuwa kweli, alikuwa ametoka peku. Walicheka mpaka mtoto naye akacheka asilolijua. Viatu vilipatikana uvunguni, vimekakamaa, vikambana vidole. Safari hii wifi alitangulia na mtoto begani, akipiga soga bila kituo, na fundi akaifuata sauti ile kama kamba.

Mlangoni mwa jengo akasimama. Barabara ilikuwa pana kupita alivyoikumbuka. Mwanga ulimchoma, pikipiki ikapita akahisi imempita tumboni. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Fundi!" Mama Dawa alimwona kutoka ng'ambo. "Wewe uliyeniacha magoti nje! Njoo huku kwenye kiti!"

"Leo nimefika hapa, mama," alijibu. "Hapo sijaweza."

Mama Dawa alimwacha mteja wa panadoli akisubiri, akavuka akichechemea, akasimama mbele yake na kupanua mikono. "Hapa panatosha. Pima, mwanangu."

Ili afike begani, fundi alilazimika kuiachia fremu na kuinuka kwa vidole vya miguu.

"Kumbe u mrefu hivi!"

"Tangu hujazaliwa."

Alipima bega, kifua, kiuno, na urefu mpaka kifundo cha mguu, akitaja namba kwa sauti, na kadiri alivyotaja ndivyo pumzi ilivyotulia.

"Kesho asubuhi nije kulijaribu?" Mama Dawa aliuliza. "Au nimtume wifi yako?"

"Usimtume mtu. Nitavuka mimi, unisubiri mlangoni tu."

"Nitakuja kukushika mkono katikati ya barabara, magari yapige honi yachoke."

Mama Dawa akarudi kwa mteja wake. Wifi akageukia ngazi, lakini fundi akampokea mtoto na kusema, "Ngoja kidogo." Mtoto alikuwa ameikodolea macho baiskeli iliyokuwa ikienda zake, ikipungua, ikipungua. Hakuwahi kuona kitu kikifika mbali hivyo. Wakasimama wakaitazama mpaka ikapinda kona.