Protekta ya Waisiko

Simu ya Waisiko ilifika Nyanungu ikiwa ndani ya boksi lake, boksi likiwa ndani ya mfuko, mfuko ukiwa ndani ya begi la kaka yake Simioni, na bado jambo la kwanza aliloliuliza ni kama haikuumia njiani.

Simioni aliendesha mitambo kwa mkandarasi mmoja huko Kewanja, upande wa mgodini. Alikuwa amemwahidi dada yake simu ya kutachi tangu siku kitongoji kilipomchagua Waisiko awe mtu wa kuwapigia askari wa wanyamapori tembo wanapovuka kutoka hifadhini kuingia mashambani. Kitochi chake cha zamani kiliweza kupiga, lakini hakikuweza kuonyesha kitu. Osward, askari wa wanyamapori aliyehamishiwa huko akitokea Iringa, alikuwa akimuuliza kila mara, "Wako wangapi, wamesimama wapi, wanaelekea wapi?" Naye Waisiko alikuwa akieleza mpaka pumzi inamwishia.

"Sasa sikiliza," Simioni alisema, akiishika simu kwa vidole viwili. "Usije ukabandika protekta. Kioo chake ni kigumu, kimetengenezwa hivyo makusudi. Ukikibandika ni sawa na kununua gauni jipya halafu ukalivalia koti la mvua."

Ryoba, mume wa Waisiko, alikuwa ameketi akinoa panga. "Shemeji, jembe la chuma linaisha kwa udongo," alisema. "Sembuse kioo."

Waisiko hakuwasikiliza wote wawili. Alikuwa akiutazama uso wake ndani ya kile kioo cheusi, akijiona vizuri kuliko alivyowahi kujiona kwenye kioo cha ukutani.

Tangu siku hiyo simu ikawa na adabu zake mle nyumbani. Ililala ndani ya kitenge kilichokunjwa. Kabla ya kuigusa, Waisiko alinawa mikono, akaikausha, akaifuta tena kwenye sketi. Binti yake Gati aliruhusiwa kutazama kwa macho tu. Wakati mwingine iliita humo ndani ya kitenge, na mpaka Waisiko amalize kunawa, mpigaji alikuwa amekwisha kukata tamaa.

"Hata Gati hukumlea hivi," Ryoba alimwambia.

"Gati akikwaruzika anapona," Waisiko alijibu.

Mkwaruzo wa kwanza uliletwa na Ryoba mwenyewe. Aliiazima simu siku ya mnada ili ampigie mtu aliyetaka fahali, akaitia kwenye mfuko wa koti alilokuwa amelivaa jana yake akipakia mchanga wa kujengea. Iliporudi, Waisiko aliiinua juani, akaigeuza huku na huku, akauona: mstari mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, umekatiza kioo kutoka pembeni hadi katikati.

Hakugombana. Aliirudisha tu kwenye kitenge, na hilo Ryoba aliliogopa zaidi. Aliapa kwamba mfukoni hamkuwa na kitu ila ufunguo wa kufuli.

Kulipokucha Waisiko alipanda bodaboda mpaka Bomani. Palikuwa na kibanda cha vifaa vya simu cha msichana mmoja aitwaye Precious, aliyezungukwa na kava za kila rangi zilizoning'inia kama mishipi. Precious aliiinamisha simu kwenye mwanga.

"Huu si wa ufunguo, mama. Ufunguo hauwezi kukikwaruza kirahisi kioo kama hiki. Huu ni mchanga. Punje moja tu ya mchanga inatosha."

"Kaka yangu amenikataza kubandika."

"Yeye anakaa wapi?"

"Kewanja."

Precious akatabasamu. "Kwenye vumbi lote lile? Basi hajawahi kuitazama ya kwake juani."

Waisiko alicheka, na kwa kicheko hicho akawa amekubali. Alichagua ile nene kuliko zote, kwa sababu ilionekana kama kitu cha kweli kweli. Precious alimweleza kwamba ile nyembamba ya kioo husikia kidole vizuri zaidi, lakini Waisiko alitaka kinga, si masikio. Wakati wa kubandika upepo ulipita, vumbi dogo likaingia, pakabaki kipovu kimoja karibu na kona. Waisiko alikitazama njia nzima ya kurudi.

Hata hivyo, protekta ile ilimfungua. Simu ilitoka kwenye kitenge. Iliingia jikoni, ilikwenda shambani, ilifungwa kiunoni kwenye pindo la kanga. Gati aliruhusiwa kuishika. Ni kweli kwamba tachi ilikuwa nzito. Ukiandika "mama" inaandika "nana", ukigusa mara moja haisikii, ukigusa mara mbili inafungua kisichotakiwa. Waisiko alivumilia. Aliona ni kama ng'ombe mkaidi mwenye maziwa mengi.

Kisha ikaja asubuhi ile ya lambo.

Mvua zilikuwa zimenyesha juma zima, zikakatika siku mbili zilizopita, na lambo la kunyweshea ng'ombe lilikuwa limejaa maji na matope. Waisiko alikwenda na dumu lake. Kabla hajafika alisikia mlio kama wa tarumbeta iliyopasuka, mwembamba, wa kulalamika, na mara baada yake mlio mwingine mzito uliomtetemesha kifua. Alishuka mbio nyuma ya kichuguu akachungulia.

Mtoto wa tembo alikuwa ndani ya lambo, upande ule wenye ukingo mkali, matope yakimfika kifuani. Kila alipoweka miguu ya mbele kwenye ukingo, udongo ulimomonyoka naye akateleza tena chini. Mama yake alikuwa juu, amepiga magoti, mkonga wake umemfikia mtoto shingoni lakini hauna pa kumshika. Wengine walisimama nyuma kwenye migunga, masikio wazi.

Mara watu wakaanza kufika. Walitoka njia zote, wenye mikuki, wenye majembe, wenye mikono mitupu. Hasira ilikuwepo, maana si siku nyingi tembo walikuwa wamelala kwenye mahindi ya watu. Kijana mmoja aliokota jiwe.

"Mura, kijana wangu, weka chini," alisema Nyamhanga, mwenyekiti wa kitongoji, bila kupaza sauti. "Huyo akigeukia huku, hakuna hapa mwenye miguu ya kumshinda." Akageuka. "Mama Gati, mpigie askari wako."

Waisiko alikuwa amekwisha kuichomoa simu kiunoni. Lakini mikono ilikuwa na matope na jasho, na protekta haikumsikia. Akabonyeza tena. Haikusikia. Alipogeuka kurudi nyuma ili aifute, mguu ukateleza kwenye utelezi, akaanguka kwa ubavu na simu chini yake. Alipoinuka, protekta ilikuwa imepasuka katikati kama utando wa buibui, na kidole chake kikipita juu yake hakuna kilichotokea.

Wakati huohuo mama tembo alisimama. Aligeuza kichwa chote, akawatazama. Akatikisa masikio, akaja hatua chache, vumbi la shingoni likipeperuka.

Watu walirudi nyuma kwa pamoja, wakikanyagana. Waisiko hakurudi. Aliuingiza ukucha chini ya ukingo wa protekta, ukucha ukavunjika. Akaipeleka mdomoni, akaing'ata kona ile yenye kipovu, akavuta. Protekta ilitoka kwa mlio wa kuchanika, vipande viwili, akavitema. Chini yake kioo kilikuwa kizima, kimeng'aa kama siku kilipotoka kwenye boksi, na ule unywele wa Ryoba mahali pake. Alikifuta kwa shavu, maana shavu ndilo pekee lililokuwa safi. Akagusa jina la Osward mara moja tu. Simu ikaita.

"Nionyeshe kwa video," Osward alisema aliposikia. "Niko na gari, siko mbali."

Waisiko akaiinua simu. Sauti ya Osward ikarudi, ya chini na ya haraka. "Namwona. Mama Gati, rusha vumbi kidogo juu, niambie linakwenda wapi."

Akaokota udongo mkavu wa kichuguu, akaurusha. Ulipeperuka kuelekea kwa tembo.

"Basi anawanusa ninyi, ndiyo maana amekasirika. Wazungushe watu wote waende upande ule upepo unakoelekea, polepole, bila kelele. Na ng'ombe wote warudi nyumbani."

Nyamhanga alisikia, akainua mkono. Umati ule wote, uliokuja na mikuki, ukazunguka kwa kunyata kama watoto wanaomficha mama yao jambo. Waisiko aliwaongoza, simu mbele. Mama tembo aliinua mkonga hewani, akanusa, akanusa tena, hakupata kitu. Taratibu akarudi kwa mwanaye.

Gari la doria lilipotokea, Osward alishuka, mwembamba, kofia mkononi, mwenzake akabaki kwenye usukani. Aliwasalimu wazee shikamoo hata katika haraka ile, kisha akaeleza. Gari lingewasukuma tembo wakubwa mpaka nyuma ya migunga na kuwazuia huko. Muda huo wenye majembe wachimbe ukingo uwe mteremko, wajaze matawi, mtoto apate pa kukanyaga.

Gari likaunguruma. Tembo wakasogea, mama akiwa wa mwisho, akigeuka kila mara. Watu wakaruka kwenye ukingo. Majembe yakaanza kupanda na kushuka, udongo ukaruka, matawi yakarushwa, na yule kijana wa jiwe ndiye aliyeingia majini wa kwanza.

Waisiko alitaka jambo lile lionekane na dunia nzima. Alitaka pia kushika jembe. Hakuwa na mikono minne. Alikitazama kichuguu, udongo wake mkavu uliojaa changarawe, akajua vizuri kitakachotokea. Akawasha kamera, akauegemeza uso wa simu kwenye kichuguu, akaukandamiza mpaka ukashika, kamera ya nyuma ikitazama lambo. Alisikia changarawe ikisaga kwenye kioo kama mchanga kwenye meno. Kisha akakimbia akachukua jembe.

Walichimba mpaka migongo ikalowa. Kamba aliyokuja nayo Osward ilipitishwa chini ya tumbo la yule mtoto, wanaume wakavuta, wanawake wakavuta nyuma yao, na Osward akaingia matopeni akamsukuma kwa bega makalioni. Miguu ya mbele ikashika matawi. Ikateleza. Ikashika tena. Ghafla kamba ikalegea na watu wote wakaanguka chali, rundo moja, na mtoto wa tembo akasimama juu ya nchi kavu, anatetemeka, masikio yakidondosha tope.

Akaangalia huku, akaangalia huku, akaamua kumfuata Nyamhanga.

Mwenyekiti alirudi nyuma hatua kwa hatua na heshima yake yote, mikono mbele. Mtoto alimfikia, akauingiza mkonga ndani ya koti lake, akanusa kwapa, akapiga chafya. Nyamhanga alibaki na tope usoni, amefumba macho.

"Msicheke," Osward alinong'ona. "Naomba msicheke."

Wakaziba midomo kwa viganja. Osward akapunga kofia, akamgeuza mtoto taratibu kuelekea migungani. Huko mbali ikasikika ngurumo ya chini, ya mama. Mtoto aliinua kichwa. Akaanza kutembea, kisha kukimbia, mkonga ukirukaruka kama kitu asichojua bado matumizi yake. Mama alilipita gari kana kwamba halipo, wakakutana katikati ya uwanda, na mwili mdogo ukapotea chini ya mwili mkubwa.

Mpaka kundi lile lilipovuka kilima, hakuna aliyetoa sauti. Ndipo vigelegele vilivyokuwa vimebanwa kooni muda wote vikapasuka kwa mara moja, na Nyamhanga, tope likiwa bado usoni, alikuwa anaruka juu kama kijana wa ngoma.

Waisiko alikwenda kichuguuni, akaing'oa simu. Kioo kilikuwa kimepigwa mistari kila upande, mingine mirefu, mingine ya mkato. Alikitazama. Alisubiri uchungu uje, nao haukuja; kifua kilikuwa kimejaa kitu kingine. Video ilikuwa inaendelea kujirekodi.

"Nitumie hiyo," Osward alimwambia. "Wakubwa wangu waione. Na kesho mimi mwenyewe nitakupigia, si wewe unipigie."

Jioni Simioni alipiga kutoka Kewanja, habari zikiwa zimekwisha kumfikia. Baada ya kushangaa alikoshangaa, akauliza kioo kikoje.

"Kimekwaruzika," Waisiko alisema kwa furaha.

Ryoba aliposikia alikohoa kidogo. "Nina safari ya Bomani. Nimwambie yule msichana akupe protekta nyingine?"

"Mwambie ile nyembamba ya kioo. Mikwaruzo imeshaingia, hiyo basi. Lakini mimi naanguka, Baba Gati. Leo nimeanguka juu yake. Nikianguka tena, bora ipasuke ya juu."

Uani watu walikuwa wamejazana. Simu ilipita mkono kwa mkono, mikono ya matope, ya mafuta, ya ugali, na hakuna aliyeambiwa akanawe. Ilimfikia Bhoke, mama yake Ryoba. Miaka yake yote tembo kwake walikuwa mlio wa usiku na ulezi uliokanyagwa. Aliwajua kwa kuwakimbia. Aliisogeza simu karibu na macho, akamwona yule mtoto anatoka matopeni, akaona mkonga ukiingia kwenye koti la Nyamhanga. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akanyoosha kidole kumgusa yule mtoto kichwani, na video ikasimama.

"Nimeiharibu?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi mrudishe," Bhoke alisema. "Mrudishe tangu yumo majini."

Waisiko akainama begani kwake, akagusa kioo, na mtoto wa tembo akaanza tena kupanda.