Mistari ya Daktari Magdaline

Khamala aliuza vitabu vya shule vya mkono wa pili kupitia simu, akiwa amekaa kibandani kwake Makina, Kibera. Kila asubuhi alipangusa majalada, akapiga picha, akaziweka mtandaoni, kisha akatazama wateja wakimpita kwenda kwa Muigai. Huyu Muigai alikuwa Kawangware, na alijaliwa kila kitu: mwanga mzuri wa kupigia picha, bodaboda ya kupeleka mzigo bure, na sauti ya kuwaita kina mama "mrembo" kwenye video. Khamala alimchukia kwa moyo wake wote na hakuona haya kusema.

Siku moja Nereah, muuza omena wa Kisumu Ndogo hapo jirani, alikuja kuchukua kitabu cha biolojia cha bintiye, Eddah. Khamala akamtolea kilicho kisafi kuliko vyote. Nereah akakifungua, akakunja uso.

"Hii hakuna mtu alisoma. Mwenye alikuwa nayo alianguka mtihani, ndio maana iko clean hivi. Nipee ile imechorwa-chorwa."

Hapo akili ya Khamala ikafunguka. Kumbe wazazi hawakutaka kitabu. Walitaka kichwa cha mtu aliyefaulu, kikiwa kimeshamtafunia mtoto wao masomo. Akamwomba Nereah arudi kesho, "kuna kimoja spesheli kinakuja," akaenda kununua kalamu ya njano, ile ya kupaka juu ya maneno.

Biolojia yenyewe hakuijua. Aliacha shule kabla haijamfikia. Alipaka njano popote alipojisikia: mstari huu kwa kuwa ni mfupi, ule kwa kuwa una neno refu la kutisha, mwingine kwa kuwa redio ilitangaza bao na mkono ukateleza. Kisha akabuni mwenye kitabu: Daktari Magdaline, msichana wa Kibera, alama ya A, sasa anatibu Wazungu huko kwao. Akamfungulia hata akaunti yake, yenye picha ya koti jeupe. "Someni nilipopaka njano tu," Daktari akawaandikia watahiniwa. "Mengine ni ya kunenepesha kitabu."

Vitabu vikaenda kama maandazi ya asubuhi. Muigai naye hakukubali kushindwa: punde vya kwake vikaja na rangi tatu na matone ya mshumaa, kuonyesha kwamba mwenye kitabu alisoma hata stima ilipopotea. Khamala akajibu kwa maji ya chumvi. Alinyunyiza kurasa kadhaa, akaandika: "Hapa Daktari alilia, lakini hakukata tamaa." Kina mama wakajaza emoji za maombi, na kitabu hicho kikagombaniwa.

Jumamosi moja, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, Khamala alirudi nyumbani akamkuta binti yake Valentine mlangoni, kitabu magotini. Valentine alikuwa mtahiniwa. Khamala alitaka awe nesi, na kila alichofanya, cha haki na cha hila, alikifanya kwa ajili hiyo.

"Niskize kama nimeshika," Valentine akasema, akafumba macho. "Tazama mchoro katika ukurasa unaofuata. Mchoro haukuzingatia vipimo. Kama tulivyoona, mbuzi."

"Mbuzi nini?"

"Mbuzi tu. Mstari unaishia hapo. Magdaline lazima alikuwa anajua kitu."

Khamala akaiona njano. Kilikuwa kitabu cha Eddah, aliyesoma darasa moja na Valentine. Darasa zima lilikuwa likikipokezana. Akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Valentine, hakuna Magdaline. Ni mimi nilipaka hiyo rangi. Soma kitabu yote, nakuomba."

Binti akamtazama kwa huruma. "Baba, wacha. Magdaline alipata A. Wewe ulipata nini?"

Neno hilo lilimchoma. Akabembeleza, akafoka, akatishia kukitia kitabu motoni. Valentine akakikumbatia akilia, akasema baba yake amewauzia watoto wa wenyewe bahati, na sasa anamnyang'anya yeye ile ya kuazima.

Kesho yake, watu wakiwa kanisani, Khamala alijibanza nyuma ya kibanda chake na kuandika kwa akaunti ya Daktari. Alijua anazika biashara yake kwa mkono wake, na kwamba Muigai bado alikuwa na vitabu visafi tele. Akaandika hivyo hivyo.

"Wadogo zangu, niliwaficha siri. Njano nilipaka mambo ya kusahau. Yaliyonipa A ni yale ambayo sikupaka. Someni yote, mkianza mwanzo. Mwenye kitabu kisafi, hongera."

Hata hajafika nyumbani, simu ilikuwa ikilia mfululizo. Kina mama walitaka kubadilishiwa vitabu, wapewe visafi, Nereah akiwa wa kwanza. Nyumbani Khamala alimkuta Valentine ameshauona ujumbe. Alikuwa ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata maneno yasiyopakwa rangi, moja baada ya jingine.

"Unaona, baba?" akasema bila kuinua macho. "Mtu hata hanijui, lakini ameniambia ukweli. Natamani tungekuwa na mtu kama huyo hapa kwa nyumba."

Khamala akazima simu.

"Soma, mama," akasema, akaenda kuwasha jiko.