Vifungo vya Koti la Telesphor

Jumamosi, saa tisa alasiri, Sesilia alikuwa amesimama jikoni kwake Thornton Heath akichambua mchele. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi katika makao ya wazee anakofanya kazi, na miguu ilikuwa imemvimba. Alipogeuka kuchukua sufuria, alimkuta Kachero Mbaruti amekaa kwenye kiti kando ya friji, kofia magotini.

Alimtambua mara moja. Kaka yake Telesphor ndiye aliyemchora, Dar es Salaam, mwaka 1986, katika gazeti la katuni lililotoka kila mwezi mpaka karatasi zilipoadimika. Mbaruti alikuwa mpelelezi wa kujitegemea: hakuwa na bosi, hakuwa na bastola, na hakukuwa na kesi iliyowahi kumshinda. Alikuwa bado wa wino mtupu, mweusi na mweupe, na vistari vya kivuli upande mmoja wa uso. Mgongoni hakuwa na kitu, weupe wa karatasi tu, kwa sababu Telesphor hakuwahi kumchora kwa nyuma.

"Pole na msiba, dada," alisema Mbaruti.

"Nimeshapoa, kaka. Utakula?"

"Baadaye. Kwanza nieleze."

Sesilia alieleza huku akiosha mchele. Telesphor alifanya kazi miaka kumi na mmoja Wembley, katika kiwanda cha kufulia mashuka, upande wa mashine za kupigia pasi, kwenye joto. Wiki tatu zilizopita alikutwa kituo cha basi karibu na kiwanda, amekaa, amekufa. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Kiwanda kiliandika kwamba siku hiyo hakufika kazini. Lakini asubuhi ile alikuwa amempigia Sesilia simu akiwa kwenye treni, akilalamika kwamba amesahau chakula chake mezani. Sesilia aliwaambia polisi. Wakaandika, wakampa pole.

"Nguo zake umerudishiwa?"

Akamletea mfuko. Mbaruti akatoa koti na kulitandaza mezani. Wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa wamelikata ubavuni kwa mkasi, kutoka pindo hadi kwapa, kwa hiyo vifungo vilikuwa bado vimefungwa, vyote sita, mpaka shingoni.

Sesilia aliviangalia, mikono bado inachuruzika maji. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Telesphor vilibanwa na mashine miaka minne iliyopita, na tangu hapo havikukunjika tena. Ndipo alipoacha kuchora. Kifungo hakuweza kukifunga hata kimoja. Misimu yote minne ya baridi alitembea koti wazi, na yeye Sesilia akimkaripia kila Jumapili.

"Nani alimfunga?" aliuliza Mbaruti.

Jumatatu walikwenda Wembley. Kwenye kizuizi cha tiketi mfanyakazi alimfungulia Mbaruti lango pana, la wenye mizigo. Ndani ya treni aliegemeza mgongo wake ukutani, na mama mmoja akamwomba asogee kidogo amwachie mtoto nafasi ya kigari. Akasogea.

Wakati wa mapumziko ya mchana alitoka getini mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kazini. Huyo alikuwa Minal, mkazi wa Kenton, mzaliwa wa Kisumu, aliyesimama meza moja na Telesphor miaka saba wakikunja mashuka. Alipomwona Sesilia alisimama.

"Ni mimi," alisema kabla ya kuulizwa. "Button nilifunga mimi. Huko nje kulikuwa na baridi, na shati yake ilikuwa imelowa jasho yote."

Alisema Telesphor alianguka saa tano, kando ya mashine. Wakaguzi wa kupima joto la kiwandani walikuwa wanatarajiwa saa sita. Msimamizi wa zamu akaamuru watu wawili wamweke kwenye toroli la mashuka, wamtoe nje, wamkalishe kituoni, ambako lazima mpita njia angemwona na kupiga simu. Minal aliwafuata na koti.

"Bwana yangu pia anafanya kazi hapa," alisema. "Wangetufuta wote wawili."

Msimamizi, jina lake Douglas, alitoka wakati huo kuvuta sigara. Katika kila kisa chake, kwenye ukurasa wa mwisho, Mbaruti alikuwa akinyoosha kidole, mhalifu akakiri, na polisi wakaingia na pingu. Sasa akanyoosha kidole. Douglas akakiri, kwa utaratibu, tangu mwanzo, na akaongeza jambo ambalo Minal hakulisema.

"Alikuwa bado anapumua. Nilimwambia akae tu, basi inakuja. Akaniambia asante."

Kengele ililia. Douglas akakanyaga kipande cha sigara, akarudi ndani. Minal akamfuata akifuta macho kwa kilemba. Mbaruti alibaki na kidole chake hewani, akiangalia mwisho wa barabara, mpaka Sesilia alipomshika mkono na kuushusha.

Katika kituo cha polisi, afisa aliwasikiliza vizuri wote wawili na kuandika yote. Baada ya wiki tano zilikuja barua mbili. Ya Sesilia ilisema kwamba walioulizwa hawakumbuki chochote, na hakuna hatua zaidi zitakazochukuliwa. Ya Mbaruti ilisema kwamba hana kibali cha kuishi nchini. Mahali pa kuzaliwa waliandika: Dar es Salaam, ukurasa wa nne.

Alikwenda kujisalimisha kama alivyotakiwa. Walimpiga picha mbele na nyuma, na kwenye nafasi ya alama za mgongoni wakaandika hana. Wakamweka kizuizini. Ndege yake ilikuwa Alhamisi.

Sesilia alimpelekea soksi na wali kwenye kopo. Walikaa mezani wakitazamana.

"Nisamehe, dada," alisema Mbaruti. "Kesi zangu zote zilikuwa za kurasa nane. Sikujua baada ya hapo watu hufanya nini."

"Hurudi kazini," alisema Sesilia.

Alhamisi hiyo aliingia zamu ya asubuhi. Meneja wa makao alikuwa amebadilisha watu wa kufua, na kwenye korido ilisimama mifuko mipya ya mashuka, jina la kiwanda cha Wembley limepigwa chapa kwa buluu. Sesilia alifungua mmoja, akachukua shuka la juu, akaingia chumba cha Bi Geeta, mwenye miaka tisini na mbili, ambaye usiku alikuwa amelowesha kitanda.

"Leo shuka nzuri," alisema Bi Geeta akilipapasa. "Imenyooka."

"Ndiyo, mama," alisema Sesilia. Akamgeuza ubavu taratibu, akalivuta shuka likakaa sawa, na kuchomeka pembe zake zote nne.