Ua wa Kinyozi

Siku sita za wiki Kinyozi alinyoa vichwa vya watu, na siku ya saba akaunyoa ua wake. Ulikuwa ua wa michongoma, umeizunguka bustani ya mbele kutoka pembe ya nyumba hadi langoni. Aliupanda mwenyewe mwaka aliooa. Wateja waliokuja kunyolewa pale nyumbani, wakiuona kupitia dirisha, walimtania: "Fundi, mbona ua wako una panki safi kuliko langu?"

"Ua hautingishi kichwa," aliwajibu.

Mwanzoni mwa masika kiharusi kilimwangusha, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa. Aliporudi kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na katika maneno yote aliyojaliwa, maana alikuwa msemaji hasa, lilibaki moja: kesho. Akitaka maji, kesho. Akiumwa mgongo, kesho. Mkewe alijifunza kulisikiliza neno hilo kama mzazi anavyosikiliza kilio cha mtoto mchanga, hiki cha njaa, hiki cha usingizi. Mara nyingi alikosea.

Mchongoma nao hausubiri mgonjwa apone. Mvua ziliponoga, machipukizi yalitoka kila upande, mengine marefu kama fimbo. Mkewe alichukua mkasi mkubwa akajaribu. Alitoka na ua uliopinda kama meno ya msumeno na mikono iliyochanika hadi viwikoni. Mumewe, aliyekuwa amewekwa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha machozi yakamtoka, na mkono wa kushoto ukawa unafunguka na kufumba juu ya goti, unakata hewa.

Binti yao alihamia pale na mumewe, fundi bomba, pamoja na mtoto wao wa kike wa miaka mitatu. Mkwe huyo alikuwa mtu mwema. Yeye ndiye aliyembeba mzee asubuhi na jioni kwenda bafuni, akamwogesha bila kununa, kazi ambayo mgongo wa mama mkwe usingeiweza hata siku moja.

Kipupwe kilipita, chiriku wakajaa ndani ya ua. Kikaja kiangazi. Majani yakafubaa kwa vumbi, matunda ya manjano yakaiva na kudondoka, na chini yake nyasi kavu zikafika magotini. Ndipo mtoto alipookota tunda akatoka mbio akilia. Nyoka alikuwa amejikunja hatua mbili kutoka mkono wake.

Jioni ile mkwe alichuchumaa mbele ya kiti cha mzee.

"Baba, ua huu umeshakuwa pori. Siku moja tutamzika mtoto. Naomba ruhusa yako niung'oe, nijenge ukuta."

Mzee alimkodolea macho. "Kesho," alisema.

"Kesho hiyohiyo? Ahsante, Baba. Nilidhani utakataa."

"Kesho! Kesho!"

"Nimekuelewa, Baba. Asubuhi na mapema."

Mke alikuwa akikunja nguo kitandani. Alijua ile haikuwa ndiyo. Alifungua kinywa, akawaza nani atambeba mumewe huyu mkwe akichukia akahama, akawaza pia yule nyoka. Akaendelea kukunja.

Vibarua watatu walikuja na sururu. Mashina yaling'oka kwa shida, yakilia kama mlango mbovu, na chiriku wakawa wanazunguka juu bila pa kutua. Mzee dirishani alipiga kioo kwa kiganja.

"Kesho! Kesho!"

"Mzee anataka turudi kesho," kibarua mmoja alisema akipangusa jasho. "Mzee wangu, tukimaliza leo, kesho turudie nini?"

Wenzake wakacheka. Mke alisimama nyuma ya kiti, ameshika mabega ya mumewe, akayahisi yakitetemeka hadi yakachoka. Kufikia saa kumi palikuwa na mtaro mtupu.

Vuli ilinyesha juu ya ukuta wa matofali ya saruji, urefu wa mtu mzima. Kutoka dirishani hapakuonekana tena barabara wala wapita njia. Asubuhi moja, wengine wakiwa nje, mke alivuta kigoda akaketi karibu na kiti cha magurudumu.

"Baba watoto, siku ile nilijua. Nilijua hukukubali, nikanyamaza."

Mumewe aligeuza uso taratibu, akamtazama muda mrefu, naye hakuweza kusoma yale macho kama yalikuwa ya hasira, ya msamaha, au ya mtu aliyechoka tu. Alimpangusa mdomo kwa pembe ya kanga, kisha akajipangusa yeye.

Mkwe aliingia, akavua viatu vyenye tope, akakunja mikono ya shati.

"Mama, maji ya kuoga yamepata moto?"

"Yamepata, mwanangu," alisema, akainuka kumpisha.