Nukta ya Telesphory

Domitila alikohoa mara tatu kabla hajaweza kuitikia jina lake. Alitoka Mlimba kwa treni, akalala kwenye benchi la stesheni, na asubuhi akatembea hadi kituo cha mradi wa kifua, Kibaoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Vuta pumzi. Ishikilie hapohapo."

Hakuweza kuishikilia. Telesphory, mpiga picha za eksirei wa kituo, alimpiga mara mbili.

Filamu ilipokauka, akaiinua dirishani kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Kwenye pafu la kulia palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa yai la kanga. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. Mpiga picha haruhusiwi kuandika ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini kila daktari aliyepita pale alijua maana ya nukta nyekundu pembeni mwa filamu: hapa, tazama vizuri.

Mfuko ulikuwa mtupu. Daktari Viktor aliichukua kalamu Jumatatu, kompyuta ya kusoma filamu ilipowekwa. "Sasa inasoma mashine, mzee. Usiichafulie."

Kwa miaka miwili wageni wa mradi walinakili filamu za Telesphory, elfu nne, nukta zikiwamo, wakaenda kuifundishia mashine hiyo huko kwao. Wakati ule alifurahi. Alimwambia mkewe, Balbina, kwamba kazi yake imefika Ulaya.

Mashine ikaimeza filamu ya Domitila. Ikaandika: SALAMA.

"Daktari, hebu itazame kwa macho yako."

"Makohozi yake hayana kitu. Mashine haioni kitu. Wewe umeona nini?"

Karani Agnella akacheka. "Mzee anaionea wivu kompyuta!"

 Telesphory alichukua kalamu nyekundu mezani kwa Agnella, akatia nukta pembeni, akairudisha filamu ileile mashineni.

UGONJWA.

Agnella aliacha kucheka. Mzee akachukua filamu nyingine, tupu, ambayo haikuwahi kupigiwa picha ya mtu. Akaitia nukta, akaiingiza nayo.

UGONJWA.

"Inasoma nukta yangu," alisema taratibu. "Pafu haijui hata lilipo."

Viktor alienda kufunga mlango. "Wafadhili wanakuja Ijumaa kuizindua. Ijumaa, mzee! Unataka nikawaambie nini?"

"Na huyu mama?"

"Dawa za mradi zinatoka kwa karatasi ya mashine. Utaratibu huo sikuutunga mimi."

Viktor akalowanisha pamba kwa spiriti, akaifuta nukta kwenye filamu ya Domitila mpaka pembe ikang'aa. Akaipitisha tena kwenye mashine, kisha akaichapa karatasi na kumpa Telesphory ampelekee mgonjwa.

Domitila aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Imesemaje, baba?"

Telesphory alitazama mlango uliofungwa. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

"Imesema salama."

"Mungu awabariki! Mimi nilishajihesabu nimekufa."

Akaifunga karatasi kwenye pindo la khanga. Kikohozi kikamshika tena, akajifuta midomo kwa pindo lilelile. Alipoliachia, palibaki nukta moja nyekundu.

Agnella akaita jina lililofuata.