Komeo la Ndani

Dada alikunja godoro lake kabla watu hawajaamka, akalifunga kwa kamba, akalisukuma kwa goti ndani ya kabati la mafagio. Kabati hilo halikutengenezwa kwa ajili ya godoro. Mlango ulikataa kufungika, ikambidi auzuie kwa ndoo ya kudekia. Kisha akapiga deki pale alipolala, akafungua madirisha harufu ya usingizi itoke, akabandika chai.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mwenye nyumba, mumewe, watoto, hata muuza maziwa, wote walimwita Dada, ingawa alikuwa na wajukuu na mwenye nyumba alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Yeye naye alimwita mwenye nyumba "mama". Ndivyo kazi hiyo ilivyo: anayelipa mshahara ndiye mkubwa.

Zamani jiko la nyumba hii lilikuwa chumba kizima chenye kuta nne, dirisha dogo na dari jeusi kwa mvuke na mafuta. Pembeni yake kulikuwa na stoo ya vyakula, ambayo iliondolewa magunia ikawekwa kitanda. Dada alilala humo miaka yote. Tusidanganyane, ilikuwa stoo tu, na panya walipita wakitaka. Lakini ilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa upande wa ndani.

Halafu mama akaenda kutembelea nyumba ya rafiki yake, akarudi na jambo. Jiko la kisasa, alisema, halina ukuta. Sebule, meza ya kulia na jiko vinakuwa kitu kimoja, familia inakaa pamoja, mama anapika huku anapiga soga na watu. Dada alimsikiliza huku akimenya viazi. Hakuwahi kumwona mama huyo akimenya hata kitunguu.

"Na mimi, mama?" aliuliza.

"Wewe ndiyo utafurahi zaidi! Unajifungia huko peke yako kama mfungwa. Sasa tutakuwa wote pamoja. Na stoo ikiondoka tunakujengea chumba chako huko nyuma, cha matofali, chenye dirisha kubwa. Matofali ya ukuta si yatabaki?"

Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini Dada aliamini. Mtu umemlelea watoto, umemfulia, umemuuguza akitapika kwenye beseni uliloshika wewe, utaachaje kumwamini?

Fundi aliyekuja kubomoa alikuwa jibaba moja waliloliita Nyundo. Alipofungua mlango wa stoo akakuta kitanda, nguo zinaning'inia kwenye msumari, na picha ya watoto imebandikwa ukutani, alisita.

"Mama, humu si analala mtu?"

"Ni stoo hiyo," mama alijibu kabla Dada hajafungua mdomo. "Piga."

Nyundo akamgeukia Dada. "Usinilaumu, dada yangu. Mimi natumwa tu."

"Piga, kaka. Naambiwa nitajengewa kingine."

Akapiga. Lakini kwa kuwa alisikia kitajengwa kingine, aliyachambua matofali mazima, akayagonga saruji ya zamani itoke, akayapanga nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, akayafunika kwa turubai. Kila akienda kuanika, Dada alikuwa anainua turubai kidogo na kuyatazama. Alishakipanga chumba kile kichwani: kitanda hapa, sanduku hapa, picha karibu na dirisha.

Ukuta ukaisha, vigae vikaja, kaunta ya mawe ikaja, makochi mapya yakaja. Chumba hakikuja. Kila alipouliza aliambiwa saruji imepanda, Dada, vumilia. Na kweli ilikuwa imepanda, lakini ilipanda kwa chumba chake tu. Kwa vigae vya sebule bei ilikuwa ileile. Kwa hiyo alisubiri kila usiku mpaka baba amalize kutazama mpira, ndipo atandike godoro kwenye kigae kati ya friji na makochi. Baba akishikwa na kiu alikuja na bukta yake kuchukua maji, akamruka. Mtu mzima, bibi wa watu, anarukwa kama kizingiti! Na asubuhi baba huyohuyo anasema, "Umelalaje, Dada?"

Jumapili moja wageni walialikwa kuja kuliona jiko. Samaki walikaangwa nje, karibu na tangi la maji, kwa sababu mama hakutaka makochi yanuke. Jiko la gesi lililong'aa ndani lilikuwa la kupigia picha. Dada alikaanga huku moshi ukimwingia machoni, akapakua, akaingiza sinia, akasimama kwenye kaunta kupanga sahani.

"Jamani, pamependeza!" alisema mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliyeketi kwenye kochi la katikati. "Pamekuwa peupe. Na yale matofali niliyoyaona nyuma, mnajenga nini tena?"

"Sehemu ya kuchomea nyama," baba alisema. "Fundi anaanza kesho. Tunaweka na viti vya kuzunguka."

Dada alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, mkononi ana kijiko cha kupakulia. Ukuta walikuwa wameubomoa wenyewe, lakini waliongea kana kwamba bado upo. Akamtazama mama. Mama alikuwa anarekebisha mto wa kochi.

"Na huyu dada yenu analala wapi?" mgeni aliuliza.

"Ana chumba chake," mama alisema, akacheka. "Huyu si mfanyakazi, ni mtu wa familia."

Hasira ilimpanda Dada mpaka masikio yakamziba. Si kwa ajili ya nyama. Angewaambia wajenge na bwawa la kuogelea kama wangetaka. Ni ule wepesi wa kusema "ana chumba chake", kama mtu anayesema kuna chumvi mezani.

Aliweka kijiko chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kwenye kabati la mafagio, akasogeza ndoo. Mlango ukafunguka wenyewe. Akalivuta godoro, akapita nalo mbele ya wageni, akalifungua kamba katikati ya sebule.

"Dada!" Mama alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa meno tu. "Unafanya nini?"

"Natandika, mama."

"Saa hizi? Huoni kuna wageni?"

"Nawaona. Hakuna ukuta."

Akavuta shuka, akainama, akaikung'uta. Godoro liligota kwenye viatu vya mgeni mwenye miwani.

"Samahani, mama," Dada alimwambia mgeni huyo kwa upole, maana yeye hakuwa na kosa. "Naomba uinue miguu kidogo. Umekaa chumbani kwangu."

Mgeni akainua miguu. Dada akavua kandambili, akaziweka pamoja upande wa kichwani mwa godoro, akajilaza akiwageuzia mgongo. Kwenye kaunta samaki walianza kupoa. Mama aligeuka huku na huku kama mtu anayetafuta mlango wa kufunga, na mlango haukuwepo.