Kalipa Mbili za Vitesse

Jumapili, tarehe 14 Mei 1995, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mvua ya rasharasha ikisukumwa na upepo kutoka milima ya Wales, niliingia katika uwanja wa gulio la vipuri nje ya Ludlow nikivuta trela. Juu ya trela lilikuwa gari langu, Triumph Vitesse ya mwaka 1967, pua imebonyea, na majani ya ua wa shamba la watu yangali yamenasa kwenye taa. Kando yangu aliketi mke wangu, Rosalind, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta.

Nilikuja kumwangamiza mtu.

Mtu huyo aliitwa Clive Purslow, muuza vipuri vikuukuu. Kwa miezi minane nilikuwa nimezunguka magulio ya nusu ya Uingereza nikitafuta kalipa za breki za mbele, vile vyuma vinavyoibana diski ya gurudumu. Nyingine zilikuwa za modeli ya baadaye, zenye nyuzi za skrubu za kipimo cha milimita zisizokubali mabomba yangu ya inchi. Nyingine kutu ilikuwa imezila hadi kwenye pistoni. Mwezi Machi nikapata kwake jozi kamili, nikazifunga mwenyewe. Wiki mbili baadaye, kwenye njia panda, pedali ilizama hadi sakafuni, tukaupasua ua.

Niliiandikia kamati ya klabu yetu ya magari ya kale, waandaaji wa gulio, kwamba Purslow anauza mauti. Siku hiyo, saa sita, kamati ingeamua kumfukuza gulioni maisha. Alikuwa ameuza pale kwa miaka kumi na tisa, wala hakuwa na duka jingine.

Nilimkuta akitandika turubai juu ya meza yake.

"Ehe, mheshimiwa kafika na maiti yake," alisema. "Umekuja kuizika au kuililia?"

"Nimekuja na kidhibiti, Purslow. Saa sita utafunga virago."

"Saa sita bado. Hebu nione nilichokuuzia."

"Hugusi gari langu."

"Sigusi, naangalia. Au macho nayo yanataka kibali cha kamati?"

"Mwache aangalie," alisema Rosalind kutoka dirisha la gari lililovuta trela.

Magurudumu ya mbele nilikuwa nimeyatoa makusudi, ili kamati ione. Purslow alipanda trela, akachuchumaa upande mmoja, akahamia wa pili. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Umezipaka rangi."

"Kwa mashindano ya unadhifu. Siwezi kupeleka uchafu mbele ya majaji."

"Nilizifunga lebo. Moja upande wa dereva, moja upande wa abiria. Ziko wapi?"

"Nilizikata. Nani anapaka rangi juu ya lebo?"

"Ukazianika zote mbili juu ya gazeti, zikang'aa kama vijiko vya harusi. Sasa nionyeshe, muungwana, kwa kidole tu: skrubu ya kutolea upepo iko wapi?"

Nilitazama. Ilikuwa chini. Upande wa pili pia, chini.

Hapakuwa na haja ya maelezo. Upepo ulioingia katika mafuta ya breki hupanda juu. Skrubu ikiwa chini, utakanyaga pedali hadi jioni, mafuta yatatoka na upepo utabaki. Kalipa zilikuwa zenyewe hasa. Ya kulia nilikuwa nimeifunga kushoto, na ya kushoto kulia. Kwa wiki mbili pedali ilikuwa laini chini ya kiatu changu, nami nikaiita tabia ya gari kuukuu.

"Machi nilikuambia nini?" aliuliza Purslow.

"Sikumbuki."

"Alikuambia, Gervase," alisema Rosalind. "Skrubu juu, bwana, skrubu juu. Mara mbili. Ukamjibu kwamba ulikuwa ukifungua injini kabla yeye hajaota meno."

Purslow alishuka, akapangusa tope magotini. "Haya, rudisha magurudumu yako. Nani atajua? Neno langu na lako, watalishika lako. Nyinyi watu wa shule za bweni, wewe na kamati yako, mnajuana kwa tai za shule."

"Usinifundishe heshima."

"Nikufundishe wewe? Wewe hufundishiki."

Shuleni kwetu, aliyemsingizia mwenzake alisimama juu ya benchi la bwalo, mbele ya wavulana mia tatu, akalitamka kosa lake kabla ya yeyote kugusa mkate. Nilipokuwa kiranja niliwasimamisha wengi. Mwenyewe sikuwahi kusimama.

Saa sita nilikwenda mbele ya kamati, nikaomba kipaza sauti kinachotumiwa kutangaza magari yaliyoziba njia. Nikasema, uwanja mzima ukisikia, kwamba kalipa za Purslow zilikuwa nzima; kwamba mimi, Gervase Lacon, nilizifunga kinyume baada ya kuonywa; kwamba barua yangu ilikuwa ya uongo, na mkono wa mke wangu niliuvunja mimi. Watu waliacha kupekua masanduku. Mmoja alicheka. Kamati ilifuta shauri pale pale.

Kisha nikaenda mezani kwa Purslow, nikamnyooshea mkono.

Hakuinua macho. Alikuwa akipanga kalipa nyingine, mbili mbili, kila moja na lebo yake.

"Ulichokuwa ukidaiwa umelipa," alisema. "Mkono huo mpelekee mwenye plasta."